Kihenge cha Chacha

Siku ya mwisho ya kawaida nilisonga ugali wa mtama, nikapika dagaa, na mgagani niliochuma nyuma ya zizi nikautia maziwa kupunguza uchungu. Watu sita tulishiba, na dukani nilikuwa nimenunua chumvi tu. Mimi ni mbahili, sikatai. Lakini watoto wangu walikuwa na mashavu.

Kesho yake ng'ombe wa jirani waliibwa, mtu akauawa malishoni, na ukoo wetu ukaanza kupigana na ule wa ng'ambo ya mto. Chacha, mume wangu, alichukua upinde na panga akaenda mpakani. Ng'ombe wetu walihamishiwa mbali, maziwa yakaenda nao. Njia ya sokoni ilipita kwa wale wa ng'ambo. Dagaa wakaisha, kisha maharage.

Uani tulikuwa na vihenge viwili vya nafaka. Changu kilibaki na vumbi la mtama. Cha Chacha kilijaa wimbi, yaani ulezi, na kwetu Wakurya mke hafungui kihenge cha mumewe kama mwenyewe hayupo. Mama mkwe alisema tusubiri. Nikasubiri. Nilichemsha majani matupu, nikaongeza maji, nikijiambia haba na haba hujaza kibaba. Mpumbavu mimi.

Bhoke, kitinda mimba wangu, alikonda, kisha akaanza kuhara.

"Mama, mle ndani mna nini?" aliniuliza, akikitazama kihenge.

"Cha baba," nikamjibu.

Alifariki asubuhi. Tulimzika bila baba yake, habari hazikumfikia.

Siku ya tatu baada ya maziko, saa nane mchana, wale wa ng'ambo walivuka mto.

Tulikimbia.

Niligeuka mara moja. Kihenge cha Chacha kilikuwa kinawaka. Harufu ilitufuata hadi barabarani, harufu ya uji ulioungulia sufuriani.

Mapigano yalipokwisha Chacha alirudi mzima. Nilimweleza yote, tukiwa tumesimama kwenye majivu. Sikulia. Naye hakunigombeza.

"Ningejua mna njaa ningerudi," alisema. "Nilijua mnakula wimbi."

"Kihenge ni chako."

"Nilikijaza kwa ajili ya nani?"



Sasa nina wajukuu. Kila asubuhi nawapikia uji wa wimbi. Kliniki wanasema unajenga afya na gharama yake ni ndogo. Ni kweli. Wanakunywa, wanaomba tena, nawaongezea.

Mimi siunywi.