Sharifo, mwenye duka anayewafundisha wasomi kuuza walichogundua

“Watu mia nne na kumi na wawili,” Dkt. Kyule Wathome anasema kwa mara ya tatu, kiganja chake kikiwa juu ya rundo la fomu. “Hao wote walijibu, Mama Samsam. Wanafunzi wangu walitembea boma kwa boma miezi miwili.”

“Walijibu. Sijakataa,” Sharifo Haibe anamwambia. “Nasema walikudanganya.”

“Wote?”

“Wote, daktari. Na usiwakasirikie, ni wewe uliwalazimisha.”

Ni saa mbili na nusu asubuhi, katika chumba kilicho juu ya duka la mabati mjini Kitengela. Watafiti watano wa chuo kikuu kimoja wameketi kwenye viti vya plastiki. Wanne wanajifanya wanasoma simu zao.

Kinachogombaniwa ni swali la nne kwenye fomu hizo: “Una ng'ombe wangapi?”

Wathome, 41, ni mhadhiri wa lishe ya mifugo. Kwa miaka sita amekuwa akitengeneza jiwe la chumvi la kulambwa na ng'ombe, lililochanganywa na majani yanayopunguza minyoo. Kutokana na majibu ya swali la nne, alipata kuwa boma la kawaida Kajiado lina ng'ombe kumi na mmoja, na kwamba jiwe la kilo kumi litawatosha mwezi mzima.

Saa sita mchana, fundi wake aitwaye Muthama anatarajiwa kuanza kukata chuma cha kalibu ambamo chumvi hiyo itashindiliwa. Fedha za utafiti zilizobaki zinatosha kalibu moja tu, na mradi unafungwa mwisho wa mwezi. Wathome akikosea kipimo, hana kipimo cha pili. Miaka sita itabaki kwenye kabati la idara.

“Hapa mtu hahesabu ng'ombe wake mbele ya mgeni,” Sharifo anaeleza, sasa akiliambia darasa zima. “Akihesabu, ni kama ameita balaa ije ichague. Hata kwetu baba yangu alikuwa na ngamia na sikuwahi kusikia idadi yao ikitoka mdomoni mwake. Sasa kijana anatoka Nairobi na kalamu, anauliza wangapi kabla hata hajamaliza chai. Utamjibu nini? Unataja namba yoyote, aende.”

“Mimi nimekulia Machakos,” Wathome anasema. “Sisi ng'ombe tulihesabu.”

“Ndio maana mko nao wachache.”

Darasa linacheka. Wathome hacheki. Anamwambia kwamba kwenye fomu ya tathmini ataandika kuwa mkufunzi anapinga takwimu.

“Andika,” Sharifo anasema, akichukua mkoba wake. “Haibe inaanza na H. Haya, simameni, leo ni siku ya soko Kajiado.”

Sharifo, 47, hajawahi kuingia maabara. Alimaliza kidato cha nne Garissa, akaolewa, akahamia Kitengela na mumewe Zakariye, ambaye hununua na kuuza mbuzi. Kwa miaka kumi na tisa ameuza dawa za mifugo, chumvi na vyakula vya kuku katika duka lenye upana wa hatua nne. Ana watoto wanne. Mkubwa, Samsam, ndiye anayekaa dukani siku ambazo mama yake anafundisha.

Kazi ya kufundisha aliipata kwa hasira. Miaka mitatu iliyopita, profesa mmoja alimletea chupa mia tatu za dawa ya kupe aliyoigundua mwenyewe. Dawa ilifanya kazi. Sharifo aliijaribu kwa mbuzi wa mumewe. Lakini katika miezi minane aliuza chupa tisa.

“Mteja wangu hasomi jina la dawa,” anasema. “Anasema nipe ile ya kijani, nipe ile ya kopo nyekundu. Hiyo ya profesa ilikuwa na chupa nyeupe, karatasi nyeupe, na jina refu la kizungu. Mtu angeiitaje?”

Alizifunga chupa kwenye magunia, akakodi gari la probox, akazirudisha hadi chuoni. Profesa hakuwapo. Aliyempokea ni Peterson Ngugi, msimamizi wa ofisi inayowasaidia watafiti kuanzisha biashara. Sharifo alimfokea kwa muda ambao yeye anadai ulikuwa dakika tano. Ngugi anakumbuka nusu saa.

“Nilipopata nafasi ya kuongea nilimuuliza kama anaweza kurudi wiki ijayo awaambie wenzangu maneno hayo hayo,” Ngugi anasema. “Tulikuwa tumelipa washauri kutoka mbali, wanakuja na picha ukutani. Hakuna aliyekuwa amewahi kutuambia kwamba chupa nyeupe haina jina.”

Tangu hapo Sharifo amefundisha watafiti thelathini na mmoja, siku mbili kila mwezi. Hulipwa shilingi elfu saba kwa siku, na kuna miezi ambayo malipo yamechelewa hadi muhula ukaisha. Chumba cha Kitengela anakilipia mwenyewe. Kati ya wanafunzi wake, wanne wana bidhaa inayouzwa madukani leo. Haoni kama ni wengi, wala haoni kama ni wachache.

Ann Wanjira ni mmoja wa hao wanne. Alikuwa amevumbua chakula cha vifaranga kinachotengenezwa kwa mabaki ya mboga, na sasa kinauzwa katika maduka kumi na moja kati ya Ngong na Kitengela.

“Siku ya kwanza aliniambia nimuuzie kwa dakika mbili bila kusema utafiti, bila kusema asilimia na bila kusema mimi ni nani,” Ann anasema. “Nilifungua mdomo nikaufunga. Niko na shahada tatu.”

Si wote wanaovumilia. Profesa mmoja aliondoka kabla ya chai akisema hawezi kufunzwa na muuza dawa ya minyoo. Sharifo anapomkumbuka hainui sauti. “Alikuwa na haki ya kuondoka. Bidhaa yake pia iliondoka.”

Saa nne na nusu wako Kajiado. Vumbi la mnada linaonekana kabla ya ng'ombe wenyewe. Sharifo anakwenda moja kwa moja kwa mama mmoja aliyetandika gunia pembeni mwa njia ya kutokea mnadani, mbele yake mafungu ya chumvi.

“Takwenya, yeyo,” anamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama.

“Iko,” mama anaitikia kwa lugha hiyo hiyo. Anaitwa Nasieku, na ameuza chumvi mahali hapo tangu mabinti zake wakiwa mgongoni. Anawatazama wasomi watano. “Leo umeleta wangapi?”

“Watano, na mmoja amekasirika.”

“Yule mrefu.”

“Huyo.”

Kazi ya siku ni kukaa. Kila mtafiti hukaa kando ya mwuzaji mmoja kwa saa nzima na haruhusiwi kuuliza wala kueleza kitu. Wathome anapewa kigoda nyuma ya Nasieku, jiwe lake la mfano la kilo kumi likiwa miguuni. Anakaa kama mtu aliyeitwa na mkuu wa idara.

Wateja wanakuja. Hakuna anayetaja ng'ombe. Mwanamke wa kwanza anasema anataka ya kufika soko lijalo, la wiki ijayo. Wa pili anauliza kama mvua ikinyesha itayeyuka. Mwanamume mwenye pikipiki ananunua mafungu mawili, anahangaika kuyafunga nyuma ya kiti, anarudisha moja. Kufikia saa tano na nusu Wathome ameacha kutazama saa na ameanza kuandika kwenye kiganja cha mkono.

Saa yake ya kukaa kimya inapoisha, Sharifo anamruhusu swali moja, na anampa yeye mwenyewe: “Waulize chumvi ya soko lililopita iliisha siku gani.”

Wathome anauliza. Mwanamke mwenye shuka ya buluu anasema Ijumaa. Mwingine anasema haikumaliza siku tatu. Wa tatu anafikiri, anasema kama si mbuzi kuivamia ingefika. Hakuna anayekunja uso. Hakuna anayetaja namba ili mgeni aende.

“Na hii?” Wathome anamwuliza yule wa shuka ya buluu, akimsogezea jiwe lake.

Anainama, analiinua kidogo, analirudisha chini. “Hii ni ya mtu mwenye lori.”

“Nilikwambia fomu zilikudanganya,” Sharifo anasema. “Kata ya kilo moja.”

“Kilo moja?” Nasieku anadakia bila kugeuka. “Hiyo ni pipi. Itaisha kabla sijafika nyumbani. Hata wewe, Mama Samsam, hujui kila kitu.”

Sasa Wathome anacheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Sharifo anachutama kando ya gunia. “Haya, yeyo, sema wewe.”

Nasieku anachukua fungu kubwa, analipima kwa mkono, anaongeza kipande. Wathome analiweka kwenye mizani yake ndogo. Kilo tatu na kidogo. Halafu Nasieku anatia kidole chake katikati ya hewa, kama anayetoboa kitu.

“Na iwe na shimo hapa. Nipitishe kamba, niitundike juu mbuzi wasifike. Hata wa pikipiki ataifunga.”

Sharifo anasema hilo la shimo hakuwahi kulifikiria, na miaka kumi na tisa imepita akiuza chumvi.

Anachotaka sasa, anasema wakati wakingoja wenzao wamalize, ni kuwapata watafiti mapema. Kuanzia Januari, Ngugi amekubali kumtumia wanafunzi wawili wa uzamili kabla hawajachagua cha kuvumbua. Watakaa kaunta ya duka lake wiki nzima, wapime, wafunge, watukanwe na wateja.

“Hawa wa leo wananijia wakiwa wamechoka,” anasema. “Mtu ametumia miaka sita, utamwambiaje amekosea? Nataka wale ambao bado hawajaanza. Huyo hata ukimwambia hapana, halii.”

Saa sita kasoro dakika tano, simu ya Wathome inalia. Ni Muthama, kutoka karakana yake ya Kitengela.

“Daktari, chuma iko mezani. Nikate?”

Wathome anamtazama Sharifo. Sharifo anafungua chupa yake ya maji na kunywa. Hilo halimhusu.

“Usikate ya kilo kumi,” Wathome anasema.

“Ati?”

“Kata ya kilo tatu. Duara. Na uweke bomba katikati, shimo lipitishe kamba ya kufunga ng'ombe.”

“Na ile barua ya vipimo uliniletea, iko na mhuri wa chuo?”

“Iweke kando. Niko hapa na wenye ng'ombe.”

Muthama anarudia polepole: kilo tatu, duara, shimo la kamba. Wathome anasema ndiyo. Upande wa pili wa simu, mashine ya kukatia chuma inaanza kulia.