Kanuni ya Tatu ya Mwalimu Benedikto

Rula ya Mwalimu Benedikto ninayo mimi. Nimeifunga kwenye kipande cha kanga na kuiweka kabatini, na wajukuu wangu wameshaambiwa kwamba atakayeigusa bila ruhusa tutakosana. Si hizi rula bapa za plastiki zinazovunjika kabla ya mapumziko ya saa nne. Hii ni ya mviringo, nyeusi, nzito, na ukiiangalia upesi utadhani ni mchi wa kutwangia iliki. Makarani wa zamani waliiviringisha juu ya karatasi, ikateremka kidogo kidogo, nao wakapiga mistari iliyonyooka mpaka mwisho wa ukurasa.

Benedikto mwenyewe hakuwa karani. Alikuwa tarishi, mtu wa kubeba mafaili, katika ofisi moja ya mjini. Alibeba kwa miaka kumi na tisa, na Kiingereza chake alikiokota humo humo, neno moja moja, kama kuku anavyodonoa uani. Mkubwa wake, Mzungu, alikuwa na rula hiyo mezani. Benedikto akileta faili lisilotakiwa, anaambiwa aweke mkono juu ya meza. Tena hapo ni mtu mzima, ana mke na watoto wawili. Siku moja alituonyesha kidole chake cha kati ambacho hakikuweza tena kukunjika sawasawa. Alikuwa anacheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha na mpaka leo sikioni.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru yule Mzungu alifungasha kwenda kwao, akawaambia wafanyakazi kila mmoja achukue kitu cha ukumbusho. Mmoja akabeba kiti, mwingine mwavuli, mfagiaji akaondoka na saa ya ukutani. Benedikto akachukua rula. Nyumbani mkewe Filomena alimnunia siku tatu, maana yeye alitarajia walau kiti.

"Mti wa kwetu huu," alituambia darasani. Alikuwa mtu wa Newala, mpingo aliujua hata gizani. "Umekatwa kwetu, ukapelekwa Ulaya, ukachongwa, ukarudi na meli kuja kunipiga mie. Nikaona niuchukue, usije ukampiga mwingine."

Darasa lenyewe lilikuwa stoo ya duka la baba yangu, hapo Kinondoni, kati ya magunia ya unga na madebe ya mafuta ya taa. Baba yangu, Mzee Masoud, alikuwa Mwarabu wa hapo hapo, babu yake kazikwa Kinondoni, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani mtaa mzima ila Benedikto. Walianza kwa kubishana juu ya uzito wa kilo ya sukari, wakaishia kuwa marafiki wasioachana. Baba alikuwa na hati ya kiwanja chake iliyoandikwa Kiingereza kitupu, na kwa miaka mingi alilala akiwaza kwamba pengine imeandikwa kiwanja ni cha mtu mwingine. Ndiyo maana alimpa Benedikto stoo bure, kwa sharti kwamba na yeye asome.

Tulikuwa watu tisa, kila siku saa kumi jioni. Bakari, dereva wa lori, alitaka kusoma kitabu cha injini. Rosalia alifagia zahanati na alikuwa amechoka kuwauliza wauguzi kila chupa ina nini. Mimi, Nunu, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la nane, sikuchaguliwa kuendelea, na mahali pekee baba aliponiruhusu kwenda ni mahali ambapo na yeye yupo. Nilipewa kazi ya kufuta ubao.

Mwalimu wetu alifundisha neno moja kwa wiki nzima. Moja tu. Alilipindua, akalifungua, akalitingisha mpaka litoe kila kilichomo, kisha ndipo tukaenda kwenye jingine. Waliokuwa na haraka walituacha wakaenda kutafuta walimu wengine, na wapo hadi leo wanaosema *yes* na *no* tu. Hilo nalisema bila haya.

Neno lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni *rule*. Lilikula wiki tatu. Mwalimu alisema lina kutawala ndani yake, lina kanuni, lina hata mstari unaochorwa kwa rula na rula yenyewe, lina uamuzi wa hakimu, na lina lile jambo ambalo mtu hulifanya kwa kawaida yake. Baba alikataa.

"Mie hilo neno nimelisikia miaka arobaini," alisema, "na kila nilipolisikia lilikuwa na maana moja tu. Wao wanatawala, sie tunatawaliwa. Hayo mengine umeyatoa wapi?"

"Ndiyo maana nakufundisha lote, Sheikh," Benedikto akajibu. "Walikupa kipande kimoja tu, vingine wakabaki navyo."

Ili neno lituingie, alitutaka tutunge kanuni zetu wenyewe na kuzipigia kura. Tukatunga tatu, nikaziandika kwa chaki kwenye kifuniko cha sanduku la chai, tukakitundika ukutani. Ya kwanza: anayechelewa aingie kimya, asitoe hadithi. Ya pili: asiyejua aseme sijui. Ya tatu aliileta mwalimu mwenyewe: rula ni ya kupigia mistari, na yeyote atakayempiga mwenzake, kwa rula au kwa mkono, atatoka nje na siku hiyo atasomea dirishani.

Bakari alicheka. "Mwalimu, hiyo rula unaishika wewe peke yako."

"Basi kanuni ni yangu," alisema, na sote tukanyoosha mikono kuipitisha.

Ukaja mwaka wa sabini, mwaka wa elimu ya watu wazima, na nchi nzima ikashika kalamu. Kila pembe kulikuwa na darasa la kisomo, kwa Kiswahili, jambo jema kabisa. Lakini darasa letu lilikuwa la Kiingereza, na mwalimu wetu hakuwa na cheti hata cha kuokota. Watu wakaanza kusema kwamba huyu mzee anafundisha lugha ya mkoloni stoo kwa Mwarabu. Barua ikaja: Afisa Elimu, Bwana Kamugisha, atatutembelea Alhamisi. Akiridhika, tutapewa chumba katika shule ya msingi, chenye madawati na ubao wa kweli, na Benedikto ataandikwa kuwa mwalimu. Asiporidhika, darasa lifungwe siku hiyo hiyo.

Benedikto hakutwambia anaogopa. Filomena ndiye aliyeniambia dukani kwamba mumewe hali chakula, na kwamba ameinyoosha suruali yake moja mara tatu. Mtu aliyebeba mafaili ya wenzake miaka kumi na tisa alitaka mara moja tu jina lake nalo liandikwe ndani ya faili.

Alhamisi Bwana Kamugisha akafika, kijana mwenye miwani na daftari jipya. Akakaa juu ya gunia la unga bila kujua kwamba linatoa vumbi. Mwalimu akaandika *rule* ubaoni. Afisa akamnyooshea baba kidole, kwa sababu ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote.

"Mzee, neno hilo lina maana gani?"

Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuulizwa swali na kijana mbele za watu akalijibu kistaarabu. "Kutawala," alisema. "Nyingine nimezisahau makusudi."

Watu wakacheka. Bwana Kamugisha hakucheka, aliandika.

"Sheikh, jibu vizuri," Benedikto akasema kwa sauti ya chini.

"Nimeshajibu."

"Sheikh, nakuomba."

"Kwani wewe nani sasa?" baba akasema. "Yule Mzungu wako wa ofisini?"

Rula ikashuka. Ilitua juu ya vidole vya baba, vilivyokuwa vimepumzika juu ya debe, na debe likalia.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitaka kumnyang'anya rula ile nimrudishie. Lakini nilipomtazama usoni hasira ikaniishia, maana hakuwa akimwangalia baba. Alikuwa anakiangalia kidole chake mwenyewe, kile kisichokunjika.

Akaiweka rula juu ya meza taratibu, akachukua daftari na kalamu, akaelekea mlangoni.

"Mwalimu, unakwenda wapi?" Bwana Kamugisha akauliza.

"Nje, bwana. Nimevunja kanuni ya tatu."

"Hajavunja kitu," baba akaropoka, mkono kauficha kwapani. "Hajanipiga. Nimejigonga mwenyewe kwenye debe."

Baba yangu hakuwahi kumkubalia Benedikto neno hata moja, na siku aliyoamua kumtetea alimtetea kwa uongo wa mchana kweupe, machozi yakimlengalenga kwa maumivu. Nilimpenda sana saa ile.

"Nimempiga," Benedikto akasema, akatoka. Punde tukamwona dirishani, nyuma ya nondo, amelaza daftari lake kwenye kizingiti kama mwanafunzi yeyote aliyekosa.

Bwana Kamugisha akafunga daftari lake. "Basi hakuna mwalimu," alisema. "Hakuna mwalimu, hakuna darasa." Akaanza kujipukuta unga.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka tu uzito wa rula mkononi, na kwamba ilikuwa bado ina joto la kiganja cha mwalimu. "Darasa linaendelea, bwana," nikasema. "Kanuni inasema aliyekosa atasomea dirishani. Haisemi darasa lifungwe."

Nikaiviringisha rula ubaoni, nikapiga mistari mitano. Juu ya kila mstari nikaandika sentensi ya Kiingereza. Kwamba zamani wageni walitutawala. Kwamba darasa letu lina kanuni tatu. Kwamba mistari hii nimeipiga kwa rula ya mpingo. Kwamba hakimu ameamua. Na ya mwisho, kwamba kwa kawaida mwalimu wetu ni mpole. Rosalia akazisoma zote bila kukwama. Bakari akasoma, akakwama kwenye sentensi ya hakimu, akasema sijui, akasaidiwa.

Kisha nikamgeukia baba. Nilikuwa sijawahi maishani mwangu kumuuliza swali la kumtaka ajibu.

"Baba. *Rule*."

Akautoa mkono wake kwapani, vidole vimeshavimba, akaanza kuhesabu juu ya vidole hivyo hivyo. Kutawala. Kanuni. Mstari na rula yake. Uamuzi. Kawaida. Alizijua zote, na nadhani alizijua tangu wiki ya kwanza.

Bwana Kamugisha aliandika muda mrefu. Aliponyanyuka, unga ulikuwa umemjaa suruali yote. Akatoka, akazunguka nyumba, na sisi tisa tukasogea kwenye nondo kusikiliza. Benedikto alikuwa bado ameinama juu ya daftari. Alikuwa amenakili sentensi zangu zote tano, na pembeni mwa ile ya nne, niliyosahau herufi, ameweka alama ya kosa.

"Mzee," afisa akasema, "darasa lako limepata chumba."

Benedikto alifunga kalamu yake.

"Mwambie mwalimu," alisema. "Yuko ndani."