Orodha ya Marehemu wa Bi Somoe

Mkitaka kucheka, chekeni. Lakini ninaapa, na siapi ovyo: jambo hili limenipata mimi mwenyewe, hapahapa Mtwara mjini, Ijumaa mchana kweupe. Sikuhadithiwa na mtu. Ningeweza kulisimulia bila kujitaja ningefanya hivyo, maana aibu yangu ni kubwa kuliko hata kile nilichokiona.

Miaka ya elfu mbili mwanzoni nilikuwa nachapa kazi za watu kwenye duka la Mama Shufaa, barabara ya kwenda bandarini. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi moja. Kompyuta nilishika mimi. Kopi alishika binti mmoja wa Ziwani, Asha, mpole, hana makuu. Nilikuwa nimesoma kozi ya miezi mitatu tu, lakini mji mzima ukaniita Fundi, na mimi kichwa kikavimba.

Basi akaja Bi Somoe wa Mikindani, siku tatu mfululizo, kunitajia majina ya marehemu wa ukoo wao ili yachapwe, yawe yanasomwa kwenye hitma. Bibi wa utani huyo! Akiniita "mume wangu" mbele ya wateja. Alikaa kwenye kiti nyuma yangu, akayahesabu majina kwa pingili za vidole, dole gumba likipanda na kushuka. Wengine katika hao alikuwa anawakumbuka yeye peke yake. Hakuwahi kurudi kuchukua karatasi zake, na mimi nilikuwa bado sijazitoa kwenye printa, orodha imebaki ndani ya kompyuta tu. Alifariki wiki ileile. Wanawe wakaniambia niitunze orodha, wataisoma kwenye arobaini yake.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Arobaini ni Jumapili. Alhamisi kompyuta ikawa nzito, nikasema ngoja niipige Windows upya, yaani niuweke upya mfumo unaoiendesha. Diski yake ilikuwa imekatwa vipande viwili, mafundi tunaita patisheni, kama nyumba ya vyumba viwili. Kimoja kikubwa chenye Windows na kazi zote za watu, kingine kidogo, kitupu. Nilitaka kufuta kile kitupu, niweke Windows mpya humo. Mashine ikaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kwa haraka zangu za kujidai nikabonyeza, nikabonyeza tena. Kumbe nimefuta kikubwa! Kuiwasha, kioo cheusi ti, na mstari mmoja mweupe unaosema haioni mfumo wa kuiendesha.

Mama Shufaa akaingia. "Kulikoni?"

Wallahi sikupanga. Mdomo ulisema wenyewe: "Asha kaichezea."

Asha akanitazama. "Kaka, mimi hata kuiwasha siijui."

Ilikuwa kweli tupu, na mimi nilijua. Lakini neno la Asha mbele ya neno la Fundi lingefika wapi? Mama akamwambia achukue mkoba wake aende. Mimi nikajitia kutafuta waya chini ya meza mpaka alipotoka.

Kesho yake fundi mmoja wa bandarini akaniazima sidii ya kutafutia patisheni zilizofutwa. Akaniambia kilichofutwa bado kipo palepale, kilichopotea ni anwani yake tu, ila nisiandike kitu juu yake. Nikaizungusha mara tatu. Haikuona kitu. Adhana ikaita, watu wakafunga maduka wakaenda kuswali. Mimi nikajikomea ndani. Ningesimamaje safu moja na watu?

Kioo kilikuwa kimezima, cheusi, kinaonyesha chumba nyuma yangu: mlango, ukuta, kiti cha wateja. Nikainua macho, kiti kina mtu. Amejitanda kanga, kainamisha kichwa, dole gumba linapanda na kushuka kwenye pingili.

Nikageuka. Kiti kitupu. Nikarudisha macho kwenye kioo. Yupo. Niaminini, nilitaka kukimbia, na mlango nimeukomea mwenyewe.

"Mume wangu," akasema, sauti ileile, "nani kanifutia watu wangu?"

Na mimi, mbele ya mtu tuliyekwisha kumzika, nikasema: "Asha, bibi." Mnauona ubaya wangu ulipofikia?

Dole gumba likasimama. Kwa kiherehere nikaizungusha sidii mara ya nne. Kioo kikawaka, sikumwona tena kwenye mwanga ule. Haikuona kitu. Kioo kikazima, na yeye yupo, sasa nyuma ya bega langu kabisa.

"Nani?"

Nikalia kama mtoto. Nikasema ni mimi, bibi, ni mimi, Asha hajui lolote.

"Basi kamwambie tajiri wako kabla watu wangu hawajasomwa."

Nikaapa nitamwambia. Nikaizungusha mara ya tano, na mstari ukatokea: patisheni ipo, nzima. Nikaamuru irudishwe, nikaiwasha upya, Windows ikapanda kana kwamba hapakutokea kitu. Majina yote yapo. Nilipogeuka, kiti kilikuwa nyuma ya bega langu kweli. Nilikigusa. Kilikuwa na joto.

Jumamosi Mama Shufaa alipiga vigelegele. "Fundi wangu!" Nikafungua mdomo niseme. Kulikuwa na wateja wawili. Nikasema, "Kawaida tu, mama." Nikachapa orodha, sikuisoma, nikawakabidhi wanawe.

Jumapili nikaalikwa Mikindani. Shehe akasoma majina ya marehemu, moja moja, sisi tumeinua mikono. Alipowamaliza kaka zake Bi Somoe, akasoma jina langu. Langu, la baba, na la babu. Watu wakaitikia aamin.

Hakuna aliyeshtuka. Wote wananijua kwa jina la Fundi. Aliyejua jina langu kamili ni Mama Shufaa, naye alikuwa uani na wanawake wakipakua pilau. Nilirudi dukani mbio nikafungua faili. Jina langu halimo. Kwenye karatasi yao limo, na karatasi wameitia plastiki. Wanadhani ni babu yao fulani. Nani atathubutu kuondoa jina lililotajwa na Bi Somoe? Na mimi nitawaambiaje waliondoe bila kueleza lilifikaje pale?

Mama Shufaa amekwisha kufariki bila kuambiwa. Asha hakupata tena kazi ya duka. Sifa ya kuharibu kompyuta ilimtangulia kila mahali. Anakaanga mihogo karibu na stendi. Akiniona huniambia, "Shikamoo kaka," na hunifungia kipande cha nyongeza. Simu yangu ikizima kioo, naigeuza kifudifudi haraka, maana najua nani amekaa nyuma yangu.

Wewe unayenisikiliza, ukiharibu kitu, sema siku ileile, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje wateja watoke.

Mwaka huu wamenialika tena. Nitakwenda, nitakaa mwishoni karibu na viatu, na wakifika kwenye jina langu nitainua mikono niitikie pamoja nao.