Pua Yangu na Fwanka ya Kambo

Hapana, mujomba, hapana! Haiko fwanka ya kambo njo ilipindisha pua yangu mara ya pili. Miye njo mwenye pua, weye uko mwenye kinywa tu.

Ile maneno niliisema mbele ya bakubwa bote ba jamaa, miye kijana, sina hata ndevu ya kukamata na vidole. Mama alishika kichwa, juu mujomba ni ndugu yake, na kwetu mutoto hajibuke mujomba vile. Muzuri. Leo narudilia, na naandika, juu mutu akiandika hakuna mwenye atamukata maneno.

Tuanze na pua. Nilikuwa mu masomo ya badogo, balo moja ya nguvu, ule mupira ya miguu, ilinipiga mu uso, na ile ukuta yenye kugawanya pua ndani ilipinda, iliziba tundu ya kuume. Toka pale nilikuwa napumua na kinywa, sawa samaki yenye imetoka mu Lualaba ikabakia mu kitunga. Tulikuwa tunalala kitanda moja na yaya, mukubwa yangu. Alikuwaka anasema nakoroma sawa lori ya mizigo inapanda mulima, na akichoka ananitia soksi mu kinywa. Soksi yake! Ile yenye ilishinda mu bote, kiatu yake ya nguvu.

Tata, baba yangu, alikuwa anatumika ku mine, mu mugodi ya kampani, njo lopitali ya kampani ilinipokea. Munganga alinipasua ndani ya pua, alinyoosha ile ukuta, alijaza kitambaa mu tundu yote mbili. Kisha ya siku mbili alikuya kuitosha. Kitambaa ilikuwa inatoka, inatoka, nilifikiri sasa anavuta na bongo.

"Kijana," alisema, "wiki sita: hapana kupenga kamasi na nguvu, hapana balo, hapana kupigana."

Tata alijibu mu nafasi yangu: "Kupigana? Uyu? Munganga, basi mumufunge hapa hapa."

Ku nyumba, kambo alikuwa ananingojea pa mulango. Kambo ni mama ya tata. Alitoka Lubudi kukaa na shiye kisha bwana yake kufa. Kwetu kambo na mujukuu banaitanaka bwana na bibi, banachekeleana, hakuna mwenye kukasirika. Alikuwa na kakopo kake ka fwanka mu mukono, ile tumbako ya unga yenye bazee banavutaka na pua.

"Bwana yangu, kuya tujaribu nyumba ya mupya. Tuone kama milango inafunguka."

Mi nilivuta. Ee mama! Nilipiga chafya mpaka kuku balikimbia mu lupango, mu kiwanja yote ya nyumba. Damu kidogo ilitoka. Mama alilalamika, na mujomba, mwenye alikuwaka kwetu kila saa ya bukari, aliona yote, musa ya ile ugali mu mukono. Kambo alicheka mpaka alikaa chini: "Inafunguka! Yote mbili!"

Na ilifunguka vrema, kweli kweli. Mwaka ya kwanza nilikuwa sawa mutu mwenye alitoka mu kifungo. Nilijua makayabu ya jirani, samaki yake ya chumvi, mbele afunue sufuria. Nilijua kama yaya hakuoga. Nililala kinywa imefungwa, na soksi ilirudia mu bote yake.

Kisha, mwaka ya pili, polepole, tundu ya kuume ilianza kuchelewa. Wakati ya mvua muzuri, wakati ya vumbi mubaya. Mwaka ya tatu kukoroma kulirudia. Haiko tena lori, sasa ilikuwa pikipiki tu. Lakini mujomba alisikia.

"Ni ile fwanka," alisema. "Na fwanka ya uyu mama haiko fwanka tu."

Munajua ile "haiko tu"? Mu kambi ya batumishi ba mine maneno ya vile inatembeaka na miguu yake yenyewe. Mwanamuke muzee, macho nyekundu, bwana alikufa, mujukuu pua inaziba: bantu habangojee tena kintu ingine. Mujomba aliita bakubwa, alisema tupandishe kambo mu treni arudie Lubudi. Lubudi ku nani? Nyumba yake kule ilikwisha kuanguka. Tata alinyamaza. Ile kunyamaza ya tata ilinichoma kupita fwanka.

Mbele bakubwa bakutane, nilienda kuona munganga. Alitia lampi mu pua, aliangaria muda murefu.

"Fwanka ya mara moja? Ilikuchoma tu, haina nguvu ya kupindisha kintu. Ile mufupa mulaini ya pua iko na kichwa nguvu. Ku bantu bengine, hata ukiinyoosha, miaka ikipita inarudia kidogo kwenye ilikuwa. Na vumbi inavimbisha nyama ya ndani. Lakini weye, hapa naona alama ya kupigwa. Ilikuya kisha ya kisu yangu, na mufupa yenye kupigwa vile inapinda polepole, mwaka kwa mwaka. Ulianguka?"

Nilisema sijue. Nilijua muzuri sana.

Ilikuwa siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya bantu bote, wiki ya tatu kisha ya operasyo. Salongo haiulizake kama uko na pua mugonjwa: kila siku ya posho, batata, bamama, raia bote banatoka kusafisha mitaro. Kambo alipita na ndoo. Kijana wa nyumba ya pili alisema na sauti: "Muangarie ile macho. Mulozi wa Lubudi."

Mi nilikumbuka munganga, ni kweli. Alikataza balo. Alikataza kupigana. Lakini kumupiga kichwa moja tu, nilijisemea, kichwa moja haiko kupigana. Nilimupiga kichwa. Sasa angaria upumbafu: pua yangu ni murefu, njo ilifika ya kwanza. Nilisikia "kaa!" ndani. Damu ilijaza shimizi, shati yangu. Nilificha ile shimizi chini ya kitanda, na kesho yake niliikuta pa kamba, safi, inakauka. Nilifikiri ni mama. Sikuuliza. Mutu mwenye kosa haulizake.

Basi mbele ya bakubwa nilitosha yote inje: salongo, kichwa, ile "kaa". Mujomba alitikisa kichwa.

"Munaona? Alimuloga hata ulimi."

"Ulimi yangu haina kintu, mujomba. Yako njo yenye kulogwa, juu haipitake saa sita bila kuingia mu sahani yetu."

"Weee!" mama alilia.

Kambo alikuwa amekaa pembeni, kifuko yake ya safari karibu na miguu. Alifungua kakopo, alivuta, alipiga chafya yake polepole, sawa mutu mwenye hana haraka.

"Mi nilijua toka kale," alisema. "Ile shimizi ya damu, munafikiri ilijifula yenyewe?"

"Kambo! Na ulinyamaza? Banataka kukutia mu treni!"

"Bwana yangu, tata yako angekuvunja na ile tundu yenye ilibakia."

Tata alisimama. Alikamata kifuko ya kambo, aliirudisha mu chumba. Mujomba alienda bila kula, mara ya kwanza toka namujua.

Munganga alisema anaweza kurudilia kunipasua. Bado sijakubali. Bantu banasema ile operasyo ilikuwa ya bure. Ya bure namna gani? Kale nilikuwa na tundu moja, leo niko na moja na nusu, na mvua ikinyesha ni mbili. Ile nusu yenye inakosa, naijua kwenye ilienda, na siku mutu atarudilia kumuita kambo mulozi, nitamupiga tena kichwa.

Na weye mwenye kusoma, mwenye tundu yako mbili inapita upepo muzuri: ulishaka kuvunja nini juu ya kukinga mutu wako?