Shamba la Kuazima

Mama alinipigia simu nikiwa ghalani Gairo, nimejaa vumbi la karanga mpaka kwenye kope, akasema, "Njoo nyumbani. Keshokutwa kuna uhakiki wa kaya maskini, na mjomba wako atakuwepo." Kisha akakata. Mama hukata simu hivyo hivyo, hana habari ya kuaga. Nilikasirika, maana tajiri wangu hatoi ruhusa kirahisi na wanangu wawili ningewaacha kwa jirani, lakini mama hakuwa na tabia ya kuniita bure. Kesho yake nikapanda basi la kwanza la Morogoro, na mchana nikaanza kuupanda mlima kwa miguu, mfuko wa mahindi kichwani.

Mama alikuwa kwenye mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Aliingizwa baada ya baba kufariki, kwa mkutano wa kijiji, watu wakanyoosha mikono kwamba kweli huyu hana kitu. Hela yenyewe iliingia kwenye simu kila baada ya miezi miwili. Watani walikuwa wakimwita "kaya maskini" njiani, wakimuuliza kama ameshaingiziwa awanunulie sukari, naye alikuwa akicheka pamoja nao. Sitaki kusikia mtu anayekaa kwenye kochi lake mjini akiisema vibaya hela ile. Ilikuwa ndogo, na ilifanya kazi moja ambayo mimi na mama na majembe yetu yote tulishindwa kuifanya: ilimweka mdogo wangu shuleni.

Sekondari iko chini, bondeni. Serikali ilifuta ada, nashukuru, ila hakuna aliyefuta kodi ya chumba. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu, amepanga chumba karibu na shule pamoja na wasichana wenzake wawili, wanapika zamu kwa zamu. Ile hela ya mama ndiyo ilikuwa sehemu yake ya kodi, na unga, na sabuni. Isingekuwepo, angebaki na njia mbili: kuacha shule, au kushuka mlima kila alfajiri na kuupanda kila jioni. Njia ya pili naijua, niliipita mwenyewe, msituni, kukiwa bado giza. Tulikuwa kundi la wasichana tulioanza kutembea pamoja. Mmoja alipata mimba kwa kijana aliyekuwa akimpa lifti ya bodaboda pale barabara inapoanzia, mwingine aliumwa kifua akaacha, na mimi niliishia kidato cha pili kwa sababu nilikuwa nalala darasani na walimu walichoka kuniamsha.

Ni lazima pia nieleze habari ya shamba, vinginevyo mama ataonekana mkaidi tu, nami sitaki aonekane hivyo ingawa ni mkaidi.

Kwetu Uluguru ukoo unafuata mama, na ardhi inafuata ukoo. Baba alikuja kuoa kwetu, akalima kwetu, na alipokufa ndugu zake walichukua redio na koti lake wakaondoka, kwa sababu udongo haukuwa wao. Shamba la mtoni lilikuwa la bibi, mama yake mama, na bibi amezikwa pale pale upande wa juu, kwenye mstari wa masale yanayoonyesha mpaka. Halina hati. Karibu kila shamba la jirani zetu halina. Shamba ni lako kwa sababu watu wanajua ni lako, na watu wanajua kwa sababu lilisemwa mbele yao na hakuna aliyepinga. Ukisikia mtu anasema hadharani kwamba shamba lako ni lake, nawe ukanyamaza, basi umekubali. Wazee watakumbuka ulivyonyamaza hata baada ya miaka.

Na mtu asidhani kuwa na shamba ni kuwa na chakula. Lile ni kipande kilichosimama kama ukuta, masika yaliyopita maji yalikuwa yamebeba sehemu ya chini pamoja na karoti zake. Mama alikuwa na goti bovu. Kabichi alizibeba kichwani hadi mjini, na akifika, dalali anazitazama kama vile zimeoza, anataja bei yake, na mama anakubali kwa sababu hawezi kuzipandisha tena. Kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui.

Nilimkuta uani akipukuchua maharage. Nikamwamkia, nikanywa maji, nikaanza kumfundisha. Nilikuwa nimeshaulizia habari njiani: safari hii wahakiki walikuwa wanauliza kila mtu kama shamba analolima ni lake au la kuazima. Mwenye shamba lake, tena la mtoni, lenye maji mwaka mzima, huyo anahesabiwa kwamba ameinuka, anatolewa ili awapishe wengine. Wenyewe wanaita kuhitimu. Mama yangu, ambaye hakumaliza darasa la nne, serikali ilikuwa inataka kumhitimisha.

"Sema la kuazima," nikamwambia. "Wote watasema hivyo. Ni neno tu, mama."

Aliendelea kupukuchua.

"Mama, unanisikia? Ukikosea hapo, mtoto anatoka kule chumbani."

"Nakusikia," akasema. "Kesho ukae karibu yangu."

Mkutano ulipangwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, lakini ukungu ulishuka na manyunyu yakaanza, tukaingia darasani. Watu wazima wote tukajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, na mwenyekiti wa kijiji akasema leo hatoki mtu mpaka ajue jedwali la kuzidisha kwa tisa. Tulicheka. Afisa aliyetoka halmashauri alikuwa binti mdogo kuliko mimi, amevaa kijikoti chepesi cha mjini, anatetemeka kwa baridi yetu. Alituamkia vizuri. Sikumwona na kiburi hata kidogo, na mpaka leo sina neno naye.

Akaanza kuwaita walio kwenye mpango, mmoja mmoja. Bibi mmoja jirani yetu aliulizwa kuhusu shamba, akajibu, "La kuazima, mwanangu," kwa sauti ya kanisani. Watu wakaangalia chini wasicheke, maana shamba lile tumelijua ni lake tangu tuzaliwe. Wa pili, la kuazima. Wa tatu, la kuazima. Ungedhani mlima mzima tumeazimishwa na mtu fulani ambaye hajulikani aliko. Wala neno lile halikuwa na madhara, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anacheza, na hakuna aliyesimama kudai kwamba ndiye mwazimishaji.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Ni kaka wa pekee wa mama, anakaa mjini siku zote, na kwa mila zetu mjomba ndiye msemaji wa ardhi ya ukoo, ila hawezi kuitoa kwa mtu wakati dada yake bado anailima. Miezi ile alikuwa amepanda mlima mara kadhaa na wageni waliokuwa wakitafuta mahali pa kujenga nyumba ya kupokelea watalii. Walipenda sauti ya maji. Mama alikuwa amewakaribisha viazi, wakala, na alipoulizwa kama atawaachia shamba akasema hapana. Nilipomwamkia asubuhi ile, mjomba aliitikia, "Marahaba, mwanangu," akanipigapiga begani kwa upendo.

Mama akaitwa. Afisa akamuuliza la nyumba, akajibu. La mifugo, akajibu, kuku watatu. Kisha, "Na shamba, mama? Ni lako au unaazima?"

Kabla hajafungua kinywa, mjomba akapiga hatua ndani.

"Samahani, afisa. Mimi ni kaka yake, tumbo moja. Nataka nimsaidie dada yangu, maana ni mtu wa aibu, hawezi kujieleza. Huyu hana shamba. Lile la mtoni ni langu mimi, namwachia tu alime kwa huruma. Wananchi hapa ni mashahidi. Msimwondoe, ni maskini kabisa."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema, "Kaka ndiyo huyo." Nami, nisiwadanganye, nilimshukuru moyoni. Nilimwona afisa anainamisha kichwa kuandika, nikaona chumba cha mdogo wangu kimepona.

Halafu nikamtazama mama. Hakuwa anamtazama afisa wala kaka yake. Alikuwa amegeuka nyuma, anawatazama wazee waliokaa ukutani, nao wanamtazama yeye, na hakuna aliyekuwa akicheka tena. Hapo ndipo nilipoelewa. Wale wote watatu walisema la kuazima na maneno yao yakapita na upepo. Letu limepata mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mama hakutakiwa kufanya lolote. Angenyamaza tu, hela ingeendelea kuingia, mtoto angesoma, na shamba lingekuwa limeondoka pale pale mbele ya kijiji kizima. Nami nilitaka anyamaze. Nasema wazi kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Nilimshika kitenge kwa chini, nikamvuta kidogo, kama anavyovutwa mtu asiseme.

Akasimama. Ilimchukua muda, kwa sababu goti lilikataa na dawati lilimbana kiunoni, na darasa zima lilisubiri, matone yakigonga bati. Sikumsaidia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Shamba la mtoni si la kuazima. Ni la mama yetu, amelala pale pale. Aliniachia mimi, na wazee mlikuwepo."

"Dada," mjomba akasema kwa upole, "nakusaidia. Utakosa hela."

"Nimekusikia. Asante."

Afisa alikuwa ameinua kalamu. Alimtazama mama, akamtazama mjomba, nadhani aliona kwamba kuna jambo hapa ambalo halipo kwenye maswali yake. Akasema taratibu, "Mama, unaelewa nikiandika hivyo? Shamba lako, la mtoni, lenye maji?"

"Andika, mwanangu."

"Utatoka kwenye mpango."

"Andika."

Mzee mmoja ukutani akaomba mama arudie, kwa sababu masikio yake ni mazito. Masikio yake si mazito hata kidogo. Mama akarudia neno kwa neno, kisha akaweka mkono begani kwangu. "Na huyu ndiye atakayelima nikifa. Simama wakuone."

Kumbe aliniitia hilo. Mimi nilipanda basi kutoka Gairo nikijua naenda kumfundisha mama kusema, kumbe nilikuwa naitwa nionekane. Nikasimama katikati ya madawati, hasira zangu zote zikiwa juu yake, wala si juu ya mjomba. Wazee wakanitazama mmoja mmoja. Mjomba akatoka nje bila kuaga.

Njiani kurudi nyumbani nilishindwa kujizuia. Nilimwambia amechagua udongo akamwacha mtoto. Nilimwambia yeye hakutembea ile njia gizani, mimi ndiye niliyetembea. Mama alikuwa mbele yangu, anachechemea, ameshikilia majani ya pembeni asiteleze.

"Akimaliza shule atapata kazi, au hatapata," akasema bila kugeuka. "Asipopata, arudi wapi? Wewe wakikuchoka Gairo, urudi wapi?"

"Nitajua mwenyewe."

"Haya."

Alipofika nyumbani alichukua jembe akashuka mtoni, na manyunyu yale yale, nami nikabaki uani nikilia kwa hasira, maana hata hela ya kumlipia mdogo wangu chumba sikuwa nayo, kodi yangu mwenyewe Gairo ilikuwa nyuma.

Jioni ikabidi mdogo wangu aambiwe. Mama alisema mimi ndiye mkubwa, niseme mimi. Nikapanda kwenye jiwe ambako mtandao unapatikana, nikampigia mama mwenye nyumba wa kule bondeni, naye akampa mdogo wangu simu. Nilimweleza yote, la kuazima, la mjomba, la afisa, nikijiandaa kumsikia akilia ili nimlaumu mama vizuri zaidi.

"Mama alisema mbele ya watu wote?" akauliza.

"Mbele ya wote. Alirudia mara mbili."

"Na mjomba alisikia?"

"Alisikia."

Kwa nyuma nilisikia wenzake wakigombania sufuria, na mmoja akimwita aje apakue, ugali unapoa.

"Basi, dada, Jumamosi napandisha godoro nyumbani," akasema. "Wewe ile njia ya msituni ulikuwa unaianza saa ngapi?"