Darasa la Lugha ya Bibi

Fundi vioo alikuwa na binti wa miaka sita ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Fundi aliposikia kwamba shule ya msingi ya jirani inafungua darasa ambamo hesabu, nyimbo, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni, yote ni kwa lugha ya mama yake mzazi, bibi yake Chiriku, hakungoja ushauri. Alijipangusa vumbi, akaenda kuchukua fomu.

Yeye mwenyewe lugha hiyo ilikuwa imemtoka. Utotoni, kila neno la lugha hiyo lilipomponyoka mdomoni darasani, mwalimu alimsimamisha mbele ya wenzake wamcheke. Siku moja alirudi nyumbani analia, na tangu hapo mama yake hakumsemesha tena kwa lugha ile.

Ndiyo maana bibi alipoiona fomu mezani, uso ulimbadilika.

"Unataka wamcheke mjukuu wangu kama walivyokucheka wewe?"

"Mama, siku hizi wanaifundisha."

"Leo ndiyo wanaifundisha! Waliponiliza mwanangu walikuwa wapi?"

Fundi akamtazama mkewe. Mke akainua mikono: "Mama ni wako. Mimi mkwe tu."

Tatizo ni kwamba fomu ilitaka mtu wa nyumbani anayeijua lugha afike kwenye usaili. Fundi alibembeleza siku tatu. Siku ya nne bibi akavaa viatu vyake vya kutokea. "Nakwenda, lakini sifungui mdomo."

Mwalimu alikuwa binti mdogo, mchangamfu. Alimsalimia Chiriku kwa ile lugha, akaanza kumwonyesha picha ukutani, moja baada ya nyingine. Bibi kimya, midomo kaikaza. Walipofika kwenye picha ya mama anayemnyonyesha mtoto, mwalimu akatamka sentensi yake, na bibi akaruka kama aliyechomwa sindano. Maneno yakamtoka mfululizo. Mwalimu akaduwaa, kisha akacheka mpaka machozi.

"Kasema nini?" fundi akauliza.

"Ananisahihisha. Nimesema mama anamkamua mtoto, kama mbuzi!"

Basi, bibi hakuzuilika tena. Alizipitia picha zote, huku wazazi kwenye foleni nje wakigonga mlango. Chiriku akapata nafasi, na bibi akaombwa awe anafika darasani kila Jumanne.

Muhula wa pili ulipoanza, bibi na mjukuu walikuwa wanaongea lugha hiyo mezani, wakicheka hadi kupaliwa, na fundi amekaa kama mgeni nyumbani kwake.

"Mnanisengenya?" aliuliza siku moja.

"Hapana, Baba. Ila nikikueleza haichekeshi."

Alicheka naye, lakini iliuma. Chiriku alipokwenda kunawa, akamwambia mama yake, "Na mimi nifundishe."

Bibi akasukuma sahani yake kando. "Nilidhani nakuokoa, mwanangu."

"Najua, Mama."

Bibi akavuta kiti karibu, akagusa sikio lake mwenyewe, akatamka neno. Fundi akalirudia, akalikosea. Bibi akalisema tena, polepole, mara tatu, mara nne, mpaka likakaa.

Kesho yake, akipima dirisha la mteja, fundi alikuwa akilitamka chinichini bila kukoma. Mteja akadhani anahesabu.