Kijaluo cha Ukutani

Ng'ombe wetu wa Ntimaru ndiye Mkuria wa kwanza kufundishwa Kijaluo tangu dunia iumbwe. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilimsemesha kila asubuhi nikimkamua, na haukupita mwaka kabla hajaanza kugeuka kwa Kijaluo na kupiga teke kwa Kikuria.

Chanzo kilikuwa msichana wa Homa Bay. Nilikuwa nikienda ufuoni kule kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nije kuwauza kwetu. Yeye alianika wake karibu na maji. Nilipomwambia nataka kumuoa, alicheka mpaka wenzake wakaja kuuliza nani kaanguka.

"Mama yangu hajui Kiswahili, wala hana haraka ya kukijua," akaniambia. "Ukija kwetu na mkalimani, utaoa mkalimani."

Basi. Mimi niliyesoma madarasa ya jioni na wazee wenye fimbo, nikakimudu Kiswahili mpaka mwalimu akataka kuniachia chaki, ningeshindwa na lugha ya jirani? Ilinishinda. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Asubuhi nyingi niliapa kuacha. Kisha ningemkumbuka akitandaza omena kwa viganja, jua likimpiga usoni, nikamrudia ng'ombe. "Tuanze tena, mama."

Walimu wangu walikuwa wanawake wa ufuoni. Kila safari nilibeba omena na maneno yao, nikayarudia shambani, mtoni, hata nikila, mpaka mama yangu akauliza nani kaniroga.

Siku ya kujitambulisha ikafika. Kwao kama kwetu, mkwe haketi uso kwa uso na mama wa msichana. Nikawekewa kiti nje, nikaegemea ukuta wa jikoni. Mama alikuwa ndani, upande wa pili wa udongo. Sauti yake ikanijia kwa Kijaluo, ya chini, kama inatoka chunguni.

"Watu wa kwenu hawajambo?"

Nikajaza kifua. Kijaluo changu chote kilikuwa cha kuitia wateja, hakikujua kunong'ona.

"Hawajambo kabisa, mama!" nikanguruma, kuku wakatawanyika. "Wamekauka vizuri! Hawana hata punje ya mchanga!"

Wajomba wa msichana walikuwa wameziba vinywa kwa mikono. Nikajua nimeoa mkalimani.

Kisha nikahisi ukuta unatikisika mgongoni. Mama alikuwa anacheka. Nakwambia, kidogo paa lituangukie.

"Mkwe," akasema alipopata pumzi, "nani amekufundisha?"

"Ufuo mzima, mama."

"Wamekufundisha kuuza. Kuzungumza nitakufundisha mimi. Kila ukija, niletee habari moja ya njiani. Na usipige kelele, mimi si mteja."

Nikampata msichana, na nikapata kazi ya kila siku. Macho yangu yalianza kuokota. Nilichokiona kutwa nilimsimulia ng'ombe kwanza, na kilichomfanya ainue masikio ndicho nilichopeleka ukutani. Nilimpelekea mama habari ya mtu mmoja wa kijiji cha Masara aliyechimba choo akapata dhahabu, akabaki bila choo. Alicheka, kisha akaniambia:

"Sema tena. Polepole, nataka kuiona."

Hiyo "sema tena" ndiyo iliyonirudisha kwa ng'ombe asubuhi za baridi, hata nilipokuwa tayari nimeoa na sina tena ninayemtafuta. Uso wa mama sikuujua sawasawa. Tungekutana sokoni ningempita. Lakini sauti yake ningeitambua katikati ya wanawake wote wa ziwa.

Alifariki kabla ya miaka ya tisini kwisha. Baada ya mazishi mke wangu aliingia jikoni kutoa vyombo, akatoka bila chombo, akanivuta nichungulie mlangoni. Kigoda cha mama kilikuwa kimegusa ukuta, palepale nilipokuwa nikiegemea kwa nje. Udongo wa ukuta juu ya kigoda ulikuwa umelainika kwa mgongo wake.

Nilikuwa nimemletea habari: mbuzi aliyeingia kanisani Rongo na kula maua yote ya harusi. Nikarudi kwenye kiti changu, nikaisimulia polepole, bila kelele, mpaka mwisho.

Ng'ombe wote wa Kuria, yule wa Kijaluo akiwa mbele, ningewatoa nisikie "sema tena" mara moja tu.